Rafiki anasema njia ni rahisi: maswali yenu kuhusu kutembea juu ya milima ya Alps

Safu ya Muulize Anti Safari, Tanga

Msimu wa watu kwenda Ulaya kutembelea ndugu na marafiki umefika na safari hii barua nyingi zinauliza milima, sijui nani kawaambia watu wa pwani wakapande milima ila ndo mmeuliza, haya.

SWALI: Anti shikamoo. Mi kijana wa hapa Raskazone, nna rafiki yangu tumesoma wote sekondari, sasa hivi anaishi Zürich, Uswisi, na familia yake. Mwezi wa saba naenda kwake, viza nishapata, sa kanitumia meseji anasema wikiendi ya kwanza tu nikifika tunaenda haikingi, tutembee juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, ati njia rahisi mpaka watoto wanapita. Picha alizonitumia nimeona kinjia cha mbuzi, huku bonde na huku bonde. Anti mi mlima wangu mkubwa ni ngazi za kwa mjomba ghorofa ya tatu. Sitaki kumuangusha maana yeye ndo mwenyeji wangu na tiketi kanisaidia nusu, ila roho inanidunda. Nimwambie nini? Na raba zangu zinatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimuulize tena kama njia ni rahisi, maana mtu anayepanda kila wikiendi ashasahau ugumu unafananaje. Muulize vitu viwili tu, hiyo njia inaitwaje na alama zake rangi gani, basi.

Uswisi njia za miguu zimepakwa rangi nchi nzima na rangi hazidanganyi. Ukiona mabango na alama za njano tupu hiyo ni njia ya kawaida, hata raba zako zinakwenda. Ukiona bango la njano lenye ncha nyeupe-nyekundu-nyeupe, na michirizi ya rangi hizo hizo kwenye mawe, hiyo ni njia ya mlimani, kuna sehemu nyembamba, kuna sehemu kali, pale pabaya sana wameweka kamba au mnyororo wa kushika, na inataka mtu mwenye mguu wa uhakika asiyeshikwa na kizunguzungu. Af kuna bango la bluu lenye nyeupe-bluu-nyeupe, hapo mwanangu ni mawe yanayoporomoka, mabaki ya theluji, barafu, pengine kukwea kwa mikono, na anayekupeleka huko wikiendi yako ya kwanza hata kama kakulipia tiketi nzima mwambie hapana. Wenyewe pia wana madaraja yanaanzia T1 mpaka T6, chama chao cha wapanda milima ndo kiliyapanga, kwaiyo akikwambia T1 sawa, T2 sawa, T3 fikiria mara mbili, kuanzia T4 we mngojee chini na kahawa.

Sasa migongo ya milima haifanani. Upo mmoja unaitwa Hardergrat, juu ya mji wa Interlaken, unaanzia Harder Kulm mpaka Brienzer Rothorn yenye mita 2,350, ni zaidi ya kilomita 20, daraja T5, majani yanashuka wima pande zote mbili na ziwa la Brienz unaliona chini kabisa la rangi ya feruzi. Mzuri ajabu, picha zake zimejaa kwenye simu za watu, na watu wamekufa pale. Majani yakilowa yanateleza na ukiteleza hakuna cha kukuzuia. Kama picha ulizotumiwa ni za huko jibu langu nishakupa.

Ila kama rafiki yako ana busara, na mi nadhani anayo maana kakutajia watoto, basi anakupeleka Stoos. Hii ipo upande wa Schwyz, kutoka Zürich mnakwenda na kurudi siku moja bila presha. Chini mnapanda treni ya kamba iliyofunguliwa mwisho wa 2017, ndo yenye mwinuko mkali kuliko zote za aina yake duniani, asilimia 110, na vyumba vyake ni vya duara vinajizungusha wenyewe ili nyie mliomo ndani mbaki mmesimama wima huku treni inakwea, yaani hiyo tu ni starehe ya kutosha. Kijijini Stoos mpo kama mita 1,300 hivi, mnakaa kwenye viti vya kebo mpaka kilele cha Klingenstock mita 1,935, na kuanzia pale mnafuata mgongo wa mlima mpaka Fronalpstock mita 1,921. Ni kilomita 4 na nusu hivi, masaa mawili kwa mtu wa kawaida, we weka matatu. Alama ni nyeupe-nyekundu-nyeupe, ngazi ni nyingi za mbao na mawe, unashuka unapanda unashuka tena, na usidanganyike kwamba vilele viwili vinalingana kimo ukadhani katikati tambarare. Mwisho kuna mgahawa na viti vya kebo vya kukurudisha chini. Ziwa la Lucerne linakuwa chini yako.

Raba hapana. Si kwa sababu ya ubishoo, ni soli. Unataka kiatu chenye soli ngumu yenye meno ya kina, kinachoshika kisigino kisichezecheze, na ukivae hapa hapa Tanga wiki kadhaa kabla ya safari, uende nacho dukani, uende nacho msikitini, malengelenge kama yapo yakutoke ukiwa karibu na kwenu. Mitumba vipo vizuri tu, ila kikunje soli kwa mkono kabla hujalipa, na angalia gundi pembeni, viatu vilivyokaa miaka stoo soli zinabanduka mlimani. Na kuna kitu hakuna atakayekwambia: kabla ya kuanza kushuka simama, fungua kamba, piga kisigino chini mguu urudi nyuma ndani ya kiatu, af kaza kamba pale kwenye kifundo. Usipofanya hivyo vidole vinagonga mbele njia nzima na jioni kucha za gumba zinakuwa nyeusi. Kata kucha pia.

Nguo sasa. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, kwaiyo chini wanalalamika joto la nyuzi 26 na we juu upo kwenye 16 na upepo unakupiga ubavuni bila ukuta wala mti, na kwa mtoto wa Raskazone 16 na upepo ni jokofu. Fulana isiyo ya pamba ndani (pamba ikilowa jasho haikauki, inakugandia mgongoni), sweta jepesi, koti la mvua juu, kofia, na mafuta ya jua, ndiyo hata sisi, pua na masikio vinababuka. Maji lita moja na nusu. Chemchemi za vijijini kule maji yake yanyweka isipokuwa pameandikwa Kein Trinkwasser. Na beba kashata za karanga, wallahi hakuna chakula cha mlimani kinachoishinda kashata, Wazungu wana vibiskuti vyao vya bei ya ajabu vinafanya kazi ile ile.

Sasa jambo ambalo mi naliona kubwa kuliko viatu. Njia ya msituni ukichoka unageuka au unakata kona unashuka, mgongo wa mlima ukishafika katikati hauna mlango wa pembeni, unamaliza au unarudi ulikotoka. Na Alps majira ya joto mawingu yanakusanyika mchana, alasiri radi, na wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote pale juu. Kwaiyo mnaanza asubuhi na mapema, saa tatu asubuhi muwe mshaanza kutembea, na mnakubaliana mkiwa bado mnakunywa chai kwamba ikifika saa fulani hatujafika mahali fulani tunageuka, bila kununiana. Ukiona umeme wa radi hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja, ikiwa chini ya sekunde 30 hamna majadiliano, shukeni kwenye mgongo, muachane na minyororo na fimbo za chuma. Na anayekwenda taratibu ndo atangulie, yaani wewe. Mwenyeji akitangulia atakuwa anakungoja kila kona, ukimfikia yeye ashapumzika anaondoka tena, we hupumziki hata mara moja.

Mkikutana na watu njia nyembamba simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde, na anayepanda kwa kawaida ndo anapishwa. Salimia, kule mlimani wanasalimiana kweli, hata wale ambao mjini hawakuangalii usoni. Ng'ombe wenye ndama wapite mbali, wana kengele shingoni utadhani wapole, ng'ombe mama hana utani. Simu ya dharura Uswisi helikopta ya uokoaji ni 1414, na 112 inafanya kazi Ulaya nzima. Helikopta ikija nyoosha mikono yote miwili juu maana yake tunahitaji msaada, mkono mmoja juu mmoja chini maana yake hatuhitaji, kwaiyo usiipungie kwa furaha. Na ile bima uliyokatia viza, ya euro 30,000, soma masharti kama inagusa uokoaji wa mlimani, zipo zinazoruka, na bili ya helikopta ni maelfu ya faranga.

Kumwambia rafiki ni rahisi: "Nakuja kwa furaha, ila mi wa pwani, nipeleke Stoos na jumapili tupumzike ziwani." Rafiki wa kweli hawezi kukasirika hapo.

SWALI: Anti mambo, naandika kutoka Bagamoyo. Mi nishafika kilele cha Uhuru kwa njia ya Marangu. Huyo mlima mkubwa wa Alps, Mont Blanc, una mita 4,800 na kitu, haufiki hata kibanda cha mwisho kwa mbali. Mbona mnatishana? Mi si napita tu kama naenda Kaole?

JIBU: Poa, na hongera kwa Uhuru, hiyo hawezi kukunyang'anya mtu. Ila hesabu yako ya kibanda haijakaa sawa, Kibo pale mnapolala kabla ya usiku wa mwisho ni mita 4,720, Mont Blanc inapita kidogo, inacheza kwenye 4,806. Uhuru ndo 5,895 na hapo kweli umewazidi wote kwa zaidi ya kilomita moja.

Lakini we ulipanda vipi? Ulikuwa na muongoza njia kwa sababu sheria ya hifadhi inataka, wapagazi wamekubebea begi, mpishi kakupikia uji, na njia ya Marangu ni pana mnaweza kutembea wawili mkipiga stori. Adui yako kule ilikuwa hewa. Alps kwenye mita 2,000 hewa haina shida, ugonjwa wa mwinuko kwa watu wengi unaanzia mita 2,500 kwenda juu, adui ni pale unapoweka mguu. Hakuna anayekulazimisha kuchukua muongoza njia, hakuna wa kukubebea begi, unaamua mwenyewe na unateleza mwenyewe. Mont Blanc yenyewe ni barafu yenye nyufa, ni kamba na shoka la barafu. Mlima mwingine wa Alps, Matterhorn, una mita 4,478, upo chini ya Uhuru kwa mita 1,400 hivi, na watu saba wa kwanza kufika kileleni mwaka 1865 wanne walikufa siku hiyo hiyo wakiwa wanashuka, mmoja aliteleza akawavuta wenzie na kamba ikakatika.

Ulichonacho wewe ni kitu kimoja kizuri, unajua pole pole ni nini. Nenda nacho. Ukitaka ya kukutosha muombe mwenyeji wako njia ya kutoka Schynige Platte mpaka First kupitia Faulhorn, kilomita kama 16, masaa sita ya kutembea bila kuhesabu mapumziko (mabango yao hayahesabu mapumziko, kumbuka), kilele mita 2,681, upande mmoja maziwa upande wa pili mlima Eiger umesimama na barafu yake. Ukitoka hapo njoo uniambie tena kuhusu Kaole.

SWALI: Assalaam alaykum Anti. Mi binti wa Ngamiani barabara ya kumi na mbili, navaa hijabu. Rafiki yangu wa chuo anataka tulale kwenye kibanda cha mlimani Uswisi jumamosi moja. Kulala kukoje? Chakula? Na kuswali je?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, swali lako ndo nimelipenda kuliko yote.

Vibanda vyao ni nyumba kabisa, za mawe au mbao, vingi ni vya kile chama chao cha wapanda milima kilichoanzishwa 1863 na kipo mpaka leo. Ila kulala ni chumba kimoja magodoro yamepangwa mstari, wanaume na wanawake humo humo, kila mtu na wa kwake, na kwao ni kawaida kama kupanda daladala. Kwaiyo rafiki yako anapoweka nafasi, na lazima muweke mapema, aulize kama kuna chumba kidogo. Kikikosekana mwambie aombe kitanda cha pembeni ukutani na yeye alale katikati yako na watu wengine. Utatakiwa uje na shuka lako la kujifunika lililoshonwa kama mfuko, mablanketi wanatoa wao. Viatu unaviacha mlangoni, unapewa kandambili za kuvaa ndani. Kuoga usitegemee. Saa nne usiku taa zinazimwa, asubuhi wengine wanaamka saa kumi na kuanza kukwaruza mifuko ya plastiki, leta vya kuziba masikio.

Chakula cha jioni kinapakuliwa kwa wote kwa pamoja, supu kwanza, chakula ni kimoja hakuna menyu ya kuchagua. Waambie kwenye kuweka nafasi kwamba hauli nyama, na uulize supu imechemshwa na nini, wala hawashangai, wageni wasiokula nyama ni wengi. Beba pesa taslimu, mtandao unaweza usiwepo.

Baibui pana acha mjini. Si suala la Wazungu wataonaje, ni kwamba ukishuka ngazi za mawe lazima uone ncha za viatu vyako na baibui linaficha. Suruali pana ya kitambaa chepesi, kanzu fupi inayoishia magotini, na mtandio wa kuvuta kichwani usio na ncha zinazopepea, pini ziache, upepo wa juu unazitoa zinakuchoma shingo.

Kibla kule ni kusini mashariki, sisi huku Tanga tunaelekea kaskazini kabisa kwaiyo usifuate mazoea. Mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu hivi za usiku, magharibi inakuja wakati watu wanataka kulala na isha ndo usiseme, mambo ya kukusanya na kupunguza safarini muulize shehe wako kabla hujaondoka, mi wa mabegi tu.

SWALI: Anti mi mama wa watoto wawili, Mikanjuni, Ulaya siendi leo wala kesho. Mi na shoga yangu tunataka wikiendi ya mlimani hapa hapa, ila naogopa kimo, nikiwa juu miguu inakufa. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana na ni bora kuliko wote hapo juu maana hamhitaji viza. Pandeni basi pale Kange mapema, mnapita Muheza, Korogwe, mpaka Mombo, af barabara inaanza kujikunja kupitia Soni mpaka Lushoto, kama una kichefuchefu cha gari kaa mbele. Mji wenyewe upo kwenye mita 1,400 hivi, ukishuka tu utaanza kutafuta sweta. Mwezi wa tatu mpaka wa tano achana napo, masika njia zinakuwa utelezi. Mwezi wa sita mpaka wa tisa pakavu ila baridi ni ya kweli.

Jumamosi mtembee mpaka Irente. Hiyo ndo dawa ya miguu yako: ule ukingo unashuka ghafla kama kilomita moja mpaka tambarare ya Mazinde, na huhitaji kwenda mwisho. Kaa chini, kaa kabisa makalio yaguse mwamba, mbali na ukingo, angalia kwanza kitu kilicho karibu yako, jani, jiwe, af taratibu peleka macho mbali. Usianze kwa kuangalia chini. Pumua. Miguu ikitulia sogea kidogo ukae tena. Shoga yako asikushike mkono kukuvuta na asikuchekee, mwambie mapema, watu wengi uoga wao unakuzwa na mwenzie anayesema "njoo bana hamna kitu". Ikikataa siku hiyo imekataa, pale karibu kuna shamba wanauza jibini na mkate, kaeni mle.

Jumapili ingieni msitu wa Magamba, pale kuna miti pande zote hivyo kimo hukioni, na chukueni kijana wa pale awaongoze, ukungu ukishuka njia zote zinafanana. Mkishapenda, siku nyingine mnakwenda mpaka Mtae, huko ndo kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima hasa, nyumba zimejipanga juu na mabonde chini pande mbili, yaani hizo picha za Uswisi za yule kijana wa Raskazone unazipata na ugali juu. Basi la kurudi Tanga liulizieni jumamosi mkishuka tu, jumapili jioni likikosekana mtarudi jumatatu na watoto hawajaenda shule.